Sura ya Sita: Shilingi ya Bunge Inashikwa na Nani?

Lori la mboga la Nyandira hushuka mlimani usiku. Likifika Sangasanga, pale barabara ya Mgeta inapoikuta barabara kuu ya Iringa, breki zimeshapata moto na utingo ameshaamka. Nyuma kuna kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo. Msimu ukiruhusu kuna na matenga ya plamu na peasi, matunda ambayo nchi yetu ya joto huyapata kwa baraka ya baridi ya Uluguru.

Nilipata kupanda lori la namna hiyo, nikabanwa kiti cha mbele kati ya dereva na mama mmoja mwenye mzigo. Redio ilikuwa inasoma habari za Dodoma, kikao cha bajeti. Mama alisikiliza mpaka habari ikaisha, kisha akanigeukia.

"Baba, hivi hawa wabunge wanalipwa na nani?"

"Na sisi, mama. Kodi zetu hizi."

Akatikisa kichwa. "Kwamba sisi ndio tunaotoa, hilo nalijua. Nakuuliza anayewalipa."

Sikuwa na jibu la kumpa. Tulikuwa tunapita jirani na Mzumbe, mahali ambapo nchi hii imekuwa ikifundisha watu wa hesabu na utawala tangu 1953, enzi kilipokuwa chuo cha serikali za mitaa, kabla hakijawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972 na Chuo Kikuu mwaka 2001. Watu waliopitia hapo wamekalia meza za Hazina na za halmashauri kila pembe ya Tanzania. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa vya fedha za umma. Lakini tofauti aliyoiona yule mama, kati ya mwenye kutoa na mwenye kulipa, sikuwa nimewahi kuikalia chini. Sura hii ni jitihada yangu ya kumjibu.

Tuanze na shilingi yenyewe. Mzigo wa mama ukizidi tani moja na kuvuka kwenda halmashauri nyingine, atadaiwa ushuru wa mazao: tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ushuru huo hauendi Dodoma kuwalipa wabunge. Ni wa halmashauri, na kwa Nyandira halmashauri yenyewe ni Mvomero. Dizeli ya lori ni habari nyingine. Katika kila lita kuna kiasi kinachokwenda Mfuko wa Barabara, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998, na kuna kiasi kinachokwenda Hazina moja kwa moja. Kisha mama akishauza mzigo wake atanunua sabuni, vitenge na mabati, na kwenye bidhaa hizo ataacha asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani. Hapo ndipo shilingi yake inapoingia mahali ambapo Katiba ya 1977, ibara ya 135, inapaita Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali.

Ukishaingiza humo, hutoi kwa hiari yako. Ibara ya 136 inasema fedha hazitoki ila kwa idhini ya Katiba yenyewe au ya sheria iliyopitishwa na Bunge. Kwa maneno mengine, Bunge ndilo lenye ufunguo wa ghala. Wizara ya Afya, jeshi, polisi, mahakama, wote husimama mlangoni kila mwaka wakisubiri Bunge lifungue. Lakini Bunge nalo lina tumbo. Lina taa za kuwasha, waandishi wa Taarifa Rasmi wa kulipa, madereva, maktaba, nauli za wabunge wanaotoka Nkasi na Newala. Nalo hula kutoka ghala hilohilo.

Linakula kiasi gani? Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Bunge liliombewa takriban shilingi bilioni 181.8, wakati bajeti nzima ya nchi ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Gawanya, utakuta kwamba katika kila shilingi 1,000 za bajeti, Bunge lilitengewa chini ya shilingi 4. Nakiri kwamba nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, kwa maana kelele za vijiweni kuhusu gharama za Bunge hukufanya utarajie mlima. Shilingi 4 katika elfu si mlima. Ugonjwa wa jambo hili, kama upo, haupo kwenye ukubwa wa tonge. Upo kwenye mkono unaolishika.

Sheria ya Uendeshaji wa Bunge ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Bunge, na kwenye vitabu vya bajeti mfuko huo ni Fungu 42. Msimamizi ni Tume ya Utumishi wa Bunge, yenye Spika kama mwenyekiti. Katibu wa Bunge ni Afisa Masuuli, yaani yule ambaye senti ikipotea atasimama yeye kuitolea maelezo. Mpaka hapo unaona nyumba yenye mwenyewe. Lakini fuatilia makadirio yanavyosafiri. Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa bajeti na ndani yake kuna ukomo. Bunge huandaa mahitaji yake likiwa na ukomo huo mezani. Kisha mwezi Aprili, mbele ya wabunge wote, anayesimama kuliombea Bunge fedha si Spika. Ni Waziri Mkuu. Hotuba yake ndefu ya mapitio na mwelekeo wa kazi za Serikali huishia kwenye maombi mawili: ya ofisi yake mwenyewe, na ya Mfuko wa Bunge. Kiongozi wa shughuli za Serikali ndiye anayeliombea chakula lile jumba lenye kazi ya kumhoji.

Wabunge wana msemo wao wanaoupenda wakati wa bajeti: kushika shilingi. Mbunge asiporidhika na majibu ya waziri husimama Bunge likiwa limekaa kama Kamati ya Matumizi, akatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri huyo mpaka atoe maelezo ya kutosha. Shilingi moja tu, lakini humfanya waziri atokwe jasho, kwa sababu ni ishara kwamba mshahara wake umo mikononi mwa anayemuuliza. Nimewahi kujiuliza: shilingi ya Bunge lenyewe inashikwa na nani? Kanuni hazina kipengele cha namna hiyo, wala hazikihitaji. Ibara ya 99 ya Katiba inasema Bunge halitashughulikia jambo la kutoza kodi wala la kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu mpaka Rais alipendekeze na waziri alilete. Wabunge hawawezi kujiongezea fungu kwa nguvu zao wenyewe. Na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Shilingi imeshashikwa, tangu zamani, na mkono uko upande wa pili.

Hata jina "mfuko" lataka kutazamwa vizuri. Mfuko wa Barabara una chemchemi yake: kila lita ya dizeli inayoteketea kwenye mteremko wa Mgeta huudondoshea tone. Mfuko wa Bunge hauna tozo yake, hauna tone lake. Ni ndoo inayosubiri mtu wa bomba. Na kupitishwa kwa fungu si kupata fedha. Bajeti ni ruhusa tu. Fedha hutolewa na Hazina kwa kadiri makusanyo yanavyoingia. Mwaka wenye makusanyo mabaya, au mwaka ambao Serikali ina kipaumbele kingine, fungu lililopitishwa Juni laweza kufika Machi likiwa nusu.

Mtu wa Matombo atauliza hilo linamhusu nini. Linamhusu hivi. Tuseme kuna mradi wa maji kule, upande wa mashariki ya milima, ambao hesabu zake hazieleweki. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ameshaandika kwenye ripoti yake kwamba mabomba yamelipiwa na hayaonekani. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa inataka kwenda kuona kwa macho. Safari hiyo ina gharama: mafuta ya magari kutoka Dodoma, posho ya kujikimu ya wajumbe, makatibu wa kamati, malazi. Fedha ya Fungu 42 ikiwepo, kamati inapanda mlima. Isipokuwepo, mambo ni mawili. Ama kamati inabaki Dodoma na kusoma karatasi zilizoandaliwa na haohao wanaokaguliwa, ama mkaguliwa mwenyewe anajitolea kuisafirisha, kuilaza na kuilisha. Hilo la pili ndilo la kutisha zaidi.

Milima hii inajua maisha yanavyokuwa pasipo chombo cha kuuliza. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, LEGCO, lilikaa kwa mara ya kwanza Desemba 1926 likiwa na wajumbe wote wa kuteuliwa na Gavana. Mwafrika wa kwanza hakuingia humo mpaka 1945. Kwa hiyo ulipoanzishwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru mwaka 1950, hapakuwa na mtu aliyechaguliwa na Waluguru wa kuuliza ni nani ameamua, kwa gharama ya nani, na kwa nini jasho la mkulima lisihesabiwe kuwa gharama. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, bila malipo, na asiyechimba alishtakiwa. Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango mzima ukaachwa. Swali ambalo lingepaswa kuulizwa ndani ya ukumbi liliulizwa kwa mawe barabarani.

Uhuru ulileta Bunge la kuchaguliwa, lakini kwa miongo mitatu na zaidi watumishi wake waliendelea kuwa watumishi wa Serikali kama wa wizara yoyote. Tume ya kwanza iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, Pius Msekwa akiwa Spika. Mei 2005 wajumbe wa mabunge ya Jumuiya ya Madola walikutana Zanzibar kujadili jambo hili moja, utawala wa mabunge na fedha zake, na wakahimiza kila bunge liwe na chombo chake cha kusimamia huduma na fedha zake. Kisha ikaja kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Kamati Teule ya Dkt. Harrison Mwakyembe iliundwa Novemba 2007. Februari 2008 ikasoma taarifa yake, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nchi iliona kwa macho yake kamati ya Bunge yenye nafasi ya kufanya kazi inaweza kufanya nini. Mwaka huohuo, Samuel Sitta akiwa kwenye kiti cha Spika, ikapitishwa sheria ya Mfuko wa Bunge. Sidhani kwamba mambo hayo mawili hayakuhusiana.

Kama mfuko ungekuwa umemaliza kazi, tusingeyaona ya Julai 2011. Siku ya tarehe 18, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikiwa mezani, mbunge wa Kilindi, Beatrice Shellukindo, alisimama na barua mkononi. Ilikuwa imeandikwa na Katibu Mkuu wa wizara hiyo, David Jairo, kwenda kwa taasisi zilizo chini ya wizara, ikizitaka zichangie shilingi milioni 50 kila moja kwa ajili ya kufanikisha uwasilishaji wa bajeti bungeni. Nchi ilikuwa gizani wakati huo kwa mgawo wa umeme. Watu waliokuwa wanakunywa chai yao kwa mshumaa walisikia kwamba fedha za mashirika ya nishati zinakusanywa ili bajeti ipite.

Yaliyofuata yalikuwa mashindano ya nguvu kati ya mihimili miwili. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge kwamba mamlaka ya kumwajibisha Katibu Mkuu hayakuwa yake, yalikuwa ya Rais. Jairo akapewa likizo, uchunguzi ukafanywa. Agosti, Katibu Mkuu Kiongozi Philemon Luhanjo akatangaza kwamba hakukutwa na kosa na arudi kazini. Wabunge wakawaka. Waliunda Kamati Teule chini ya Ramo Makani, nayo ikaleta taarifa yake Novemba.

Wengi wanaikumbuka habari ile kama habari ya mtu mmoja na barua yake. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Barua ile iliandikwa kwa lugha ya kawaida kabisa ya ofisini, ikasainiwa, ikatumwa kama inavyotumwa barua ya kuitisha kikao. Mtu hafanyi hivyo kwa jambo analoliona la ajabu. Inaonyesha kwamba mahali fulani katika mwenendo wa Serikali lilikuwa limejengeka wazo kwamba kwenda bungeni ni shughuli yenye gharama za kuwahudumia watu, na kwamba gharama hizo ni za anayekwenda kuhojiwa. Ni sawa na mshtakiwa kumlipia hakimu nauli ya kuja mahakamani. Huenda hakimu asihukumu kwa upendeleo. Lakini nani tena ataiamini hukumu?

Ukitaka kuelewa mambo haya yanavyoota, tembea Morogoro mjini wakati bajeti zinaandaliwa. Mji huu uko kati ya Dar es Salaam na Dodoma, una hewa ya mlima na vyumba vingi vya mikutano, na kwa miaka mingi umekuwa mahali ambapo wizara na taasisi "hujifungia" kuandika mipango yao. Asubuhi utaona magari yenye namba za Serikali yamejipanga, na mabango ya kitambaa yakiwakaribisha washiriki wa warsha. Hakuna ubaya katika warsha. Kazi nyingi nzuri zimeandikwa chini ya milima hii. Lakini semina za wabunge nazo hufanyika kwa mtindo huohuo, nyingi zikigharimiwa na wizara, wakala, au wafadhili wenye jambo lao. Anayelipia ukumbi ndiye anayepanga mada. Ndiye anayechagua mtoa mada wa kwanza, na saa ya chakula. Bunge lenye fedha zake huitisha semina lenyewe na kumwita mtaalamu linayemtaka, hata yule ambaye wizara isingependa asikike.

Basi ilikuwaje mjadala wetu wote wa fedha za Bunge ukageuka kuwa mjadala wa posho? Mwaka huohuo wa 2011 mbunge Zitto Kabwe alikataa kupokea posho ya vikao, akisema kukaa kikaoni ndiyo kazi yenyewe ambayo mbunge analipwa mshahara. Kabla mwaka haujaisha, ikajulikana kwamba posho hiyo imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na Spika Anne Makinda akaitetea kwa ugumu wa maisha ya Dodoma. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Mwalimu wa Kibungo hakuwa analipwa posho ya kuingia kazini. Hata hivyo hasira ile ilitufungia macho. Ilitufanya tuone mfuko wa mbunge na tusiuone mfuko wa Bunge. Vitu hivi viwili ni tofauti, na mara nyingine hushindana: fedha iliyoongezwa kwenye posho ya kukaa haikwenda kwenye safari ya kamati wala kwa mtafiti wa kuwasomea wabunge mkataba wa kurasa 300.

Na sisi wapigakura tumo. Mbunge akirudi jimboni, iwe Mvomero au Morogoro Kusini, hukuta foleni nyumbani kwake. Huyu ana msiba, anaomba sanda na jeneza. Yule mtoto wake amefaulu, hana sanduku la shule. Kikundi cha kina mama kinamtaka akae meza kuu kwenye harambee. Anayesema "kanuni haziruhusu" hatarudi bungeni. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009 ilikusudia kupunguza mzigo huo, lakini fedha zake hupita halmashauri na ni za miradi, hazinunui jeneza. Kwa hiyo mbunge hutafuta posho ili aweze kutoa, na sisi humlaumu kwa posho tukiwa tumesimama kwenye foleni ya kupokea. Sisemi haya kumtetea. Nasema shinikizo hili linasukuma fedha za Bunge kuelekea mfukoni mwa mtu mmoja mmoja, mbali na meza ya kamati.

Tarehe 11 Aprili 2016 lilitokea jambo ambalo bado linanisumbua. Naibu Spika Tulia Ackson alikwenda Ikulu kumkabidhi Rais John Magufuli mfano wa hundi ya shilingi bilioni 6, fedha ambazo Bunge lilikuwa limebana kwenye matumizi yake. Rais akaelekeza zitengenezewe madawati. Ulikuwa mwaka wa elimu bila ada. Watoto walikuwa wamefurika madarasani, wengine wamekaa sakafuni. Ukimwuliza mzazi wa Kinole kama madawati yalihitajika, atakuonyesha magoti ya mwanawe. Nami nasema yalihitajika.

Lakini tazama njia. Fedha ile ilikuwa imepitishwa na Bunge kwa kazi za Bunge. Ikabaki. Ikapelekwa kwa mkuu wa mhimili mwingine ili yeye aamue itumike vipi, na picha ikapigwa. Wapinzani walihoji utaratibu huo, na hoja yao ilikuwa na uzito: Bunge ndilo linaloamua kwa sheria fedha za umma ziende wapi, na hapa lilikuwa linamwomba mtu mwingine aamue. Miezi michache kabla, mwezi Januari, Waziri wa Habari Nape Nnauye alikuwa ametangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa kuwa gharama yake ilikuwa kama shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Weka namba hizo mbili pamoja. Mwaka ambao Bunge lilikuwa na bilioni 6 za ziada ndio mwaka ambao kule Nyandira redio na televisheni za vibandani zilianza kupewa vipande vilivyochujwa, kwa sababu ya bilioni 4.2. Ningependa sana kama wabunge wenyewe wangekaa na kujadili kama fedha ile ingewarudishia wananchi masikio yao.

Kenya walichagua njia nyingine. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1999, yaliyosukumwa kwa miaka na Peter Oloo Aringo, yaliwapa Tume ya Huduma za Bunge. Katiba yao ya 2010, ibara ya 127, ikaipa tume hiyo kazi ya kuandaa makadirio yake na kuyapeleka moja kwa moja kwenye Bunge la Taifa. Uganda nao wana Tume ya Bunge kwa sheria ya 1997, iliyoletwa na mbunge wa kawaida, Dan Wandera Ogalo. Na ibara ya 155 ya katiba yao inataka makadirio ya vyombo vinavyojitegemea kihesabu yawekwe mbele ya Bunge bila kubadilishwa, Serikali ikiruhusiwa tu kuambatisha maoni yake. Hilo la Uganda nalipenda. Hazina inaweza kusema "hii ni nyingi," lakini lazima iseme hadharani, kwa maandishi, na si kwa kalamu nyekundu gizani.

Hata hivyo Kenya inaonyesha hatari ya upande wa pili. Mei 2013 wabunge wao walipigana na Tume ya Mishahara iliyotaka walipwe takriban shilingi 532,000 za Kenya kwa mwezi badala ya 851,000 walizozizoea. Waandamanaji walifika mlango wa Bunge la Nairobi na watoto wa nguruwe na damu, wakiwafananisha waheshimiwa na walafi. Mwisho wabunge walikubali mshahara mdogo, wakapata ruzuku ya gari. Ukilikabidhi bunge ufunguo wa ghala lake, basi mishahara ya wabunge ipangwe na mtu mwingine. Wamarekani waliliona hilo mapema: pendekezo la kwamba ongezeko la malipo ya wabunge lisianze mpaka uchaguzi mwingine upite liliandikwa mwaka 1789, ingawa halikuwa sehemu ya katiba yao mpaka 1992. Kwetu, ibara ya 73 inasema wabunge watalipwa kwa mujibu wa sheria inayotungwa na Bunge. Hakuna uchaguzi uliowekwa katikati.

Ningekuwa na uwezo ningetenganisha mambo haya mawili kabisa. Malipo ya mbunge yapangwe na chombo kisicho cha wabunge wala cha mawaziri, na yachapishwe gazetini. Fedha za kazi za Bunge, yaani kamati, utafiti, maktaba na matangazo, ziombwe na Spika mwenyewe kwa niaba ya Tume, zitolewe na Hazina kwa robo mwaka bila kukatwa, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu azikague kama anavyokagua nyingine zote. Hilo la mwisho nalo lina kidonda chake. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, kwa sababu ya neno "udhaifu" alilolitumia kulihusu Bunge. Bunge linalodai uhuru wa fedha lingeanza kwa kumvumilia mkaguzi.

Nirudi mlimani. Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam. Wakulima walipewa malipo kwa kutunza miteremko, na miongoni mwa waliochangia malipo hayo walikuwa Dawasco na Coca-Cola Kwanza, watumiaji wa maji kule chini. Katika kazi walizolipwa wakulima ilikuwamo ya kuchimba matuta ya ngazi. Matuta yaleyale. Babu na bibi zao waliyakataa mwaka 1955 mpaka damu ikamwagika. Safari hii yalichimbwa kwa mapatano, kila upande ukijua nani anamlipa nani na kwa kazi ipi.

Mama wa lori aliteremka Msamvu kabla sijapata la kumwambia. Nikikutana naye leo nitamjibu hivi: anayewalipa, mama, ni Hazina, ndani ya ukomo uliowekwa na Wizara ya Fedha, kwa ombi linalosomwa na Waziri Mkuu. Nadhani atanyamaza kidogo, kama alivyonyamaza siku ile, kisha ataniuliza: "Na siku wakimuuliza asilolipenda?"